Je, Wajua? Chungu Chini ya Ngozi

Je, wajua kwamba Kiingereza kina neno zima lililotengwa kwa ajili ya chungu wasiokuwepo? Neno lenyewe ni "formication", na limezaliwa na neno la Kilatini formica, yaani chungu: yule mdudu, si kile cha kupikia. Madaktari hulitumia kwa mtu anayehisi vidudu vinamtambaa juu ya ngozi au chini yake. Anajikuna, anavua shati, anawasha taa, anatazama. Hamna kitu. Chungu wake wako kwenye mishipa ya fahamu au kwenye ubongo, na huko dawa ya kupuliza haifiki.

Je, wajua kwamba neno hilo lataka mwandiko safi? Ondoa m, weka n, na mgonjwa wa mishipa ya fahamu anageuka mzinzi. "Fornication", zinaa, ina ukoo mwingine kabisa: inatoka kwenye fornix, tao la jengo, kwa sababu makahaba wa Roma ya kale walifanya biashara yao kwenye vyumba vya chini vyenye dari za tao. Kwa herufi moja tu faili linahama kutoka kliniki kwenda kwa kadhi.

Wajua kwamba Waingereza si peke yao? Mfaransa mguu ukimfa ganzi husema ana chungu miguuni. Mhispania huita hali hiyo hormigueo, Mwitaliano formicolio, na ndani ya maneno yote mawili yumo mdudu yule yule wa Kirumi. Mrusi vinyweleo vikimsimama kwa baridi au hofu hutaja murashki, vichungu. Linalonishangaza zaidi ni Kiarabu, kisicho na udugu wowote na Kilatini: ganzi ile ya kuchomachoma huitwa tanmil, neno la mzizi mmoja na naml, chungu. Waliopita chuoni wanaujua mzizi huo kutokana na sura ya 27 ya Kurani, Suratun Naml, ambamo chungu anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Suleiman, naye Suleiman anamsikia na kutabasamu.

Na sisi je? Mguu wetu hauingiwi na chungu, unakufa: "umekufa ganzi", basi, msiba umekwisha. Lakini mwili ukiingiwa na mtetemo wa ghafla tunasema umesisimka, na yule chungu mdogo anayepanga foleni kwenda kwenye kopo la sukari jina lake ni sisimizi. Yatamke maneno hayo mawili kwa kufuatana uone kama ulimi wako hautayachukulia kuwa ndugu.

Je, wajua kwamba chungu wa Kifaransa walishacheza filamu? Mwaka 1929 Luis Buñuel na Salvador Dalí walitoa filamu fupi isiyo na sauti iitwayo "Un Chien Andalou". Mtu anautazama mkono wake, na katikati ya kiganja kuna tundu, na kwenye tundu wanatoka chungu. Wengi huona njozi za wendawazimu tu. Anayejua msemo wa Kifaransa wa mkono wenye chungu huona kwamba mabwana hao wameuchukua msemo wa kila siku na kuutekeleza neno kwa neno.

Wajua kwamba mapigo ya moyo nayo yaliwahi kuwa na chungu? Waganga wa Kigiriki wa zamani walishika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kutaja aina za mapigo, na mojawapo ilikuwa pigo la chungu: dogo, dhaifu, la harakaharaka. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliweka kwenye Kanuni yake ya tiba kwa jina hilo hilo, namli, karibu na pigo la mnyoo. Mgonjwa akifikia hapo jamaa waliitwa.

Je, wajua kwamba kuna wakati chungu wa ngozini huwa ni habari njema? Hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 1915 hospitali za Ulaya zilijaa askari waliopigwa risasi au kukatwa na vipande vya mizinga mikononi na miguuni. Nyama imefunga, mfupa umeunga, lakini mkono umelala tu, hausikii moto wala sindano. Daktari alitaka kujua jambo moja: mshipa wa fahamu uliojeruhiwa unaota tena, au ndiyo basi? Mashine ya kuuchungulia ndani haikuwapo. Daktari Mfaransa, Jules Tinel, akawa anagongagonga kwa kidole juu ya njia ya mshipa, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Mahali fulani mgonjwa anashtuka: hao, chungu hao! Na hawasikii pale palipogongwa, anawasikia vidoleni, mbali kabisa na kidole cha daktari.

Maelezo yake ni haya. Mshipa unaoota hutanguliza nyuzi changa ambazo bado hazijavikwa ala yake, na nyuzi hizo zikiguswa tu hupiga kelele. Ubongo hauna habari ya ajali; unachojua ni kwamba waya huu ni wa kidole, basi kelele inahesabiwa kidoleni. Daktari anaweka alama ya wino, anasubiri wiki kadhaa, anagonga tena. Chungu wakiwa wamesogea kuelekea vidoleni, mshipa unaota. Wakiwa pale pale, daktari wa upasuaji ajiandae. Tinel alisisitiza tofauti ambayo hadi leo wanafunzi wa udaktari hukaririshwa: maumivu ni mshipa unaoudhiwa, chungu ni mshipa unaokua. Naye alilitangaza jambo hilo kwa jina la wazi, dalili ya chungu.

Mwendo wenyewe ni wa subira. Mshipa wa fahamu huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo aliyeumizwa karibu na kisugudi ana zaidi ya mwaka wa kungoja kabla ncha ya kidole haijapata habari.

Na je, wajua kwamba miezi michache kabla ya Tinel, mwaka huo huo wa 1915, Mjerumani Paul Hoffmann alikuwa ameshachapisha uchunguzi ule ule kutokana na askari wa upande wa pili wa vita? Vitabu vingi vilimbeba Tinel peke yake. Kwa haki dalili hiyo ni yao wote wawili.

Wajua kwamba kipimo hicho unaweza kukutana nacho leo katika chumba cha daktari wa kawaida? Fundi cherehani, msusi, mtu wa kuandika kwenye kompyuta kutwa nzima, analalamika kwamba usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vinachomachoma hadi anaamka kuukung'uta mkono. Daktari anamgonga katikati ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Chungu wakikimbilia vidole hivyo vitatu, anashuku kwamba mshipa wa fahamu unabanwa pale unapopita kwenye njia nyembamba baina ya mifupa na kano. Kidole cha mwisho hakimo kwenye malalamiko hayo. Chenyewe kina mshipa wake, ule unaopita nyuma ya kisugudi na kukurusha ukijigonga ukutani.

Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anapewa na vidonge vya vitamini B6? Isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952 na ambayo bado ni nguzo ya matibabu, hupunguza vitamini hiyo mwilini, na mishipa ya fahamu ya miguu ndiyo ya kwanza kulalamika kwa ganzi, kuwaka na kutambaliwa. Kwa hiyo kile kidonge kidogo ambacho wengi hudhani ni cha kunenepesha kimewekwa pale kuzuia chungu. Usikiache.

Waliokuwa kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI miaka ya 2000 nao watakumbuka stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi mno Afrika Mashariki, ilikuwa rahisi, na iliwaachia baadhi yao nyayo zinazowaka, wengine wakishindwa hata kuvaa viatu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe hatua kwa hatua.

Na kisukari? Kisukari huanzia vidole vya miguu kwa sababu mishipa ya fahamu inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote, na iliyo mirefu ndiyo inayotaabika kwanza sukari inapozidi. Ganzi hupanda kwa kiwango cha soksi. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta hali hiyo hiyo, na wanawake wengine huipata wakati wa kukoma hedhi. Haya yote hayana uhusiano wowote na kurogwa na jirani.

Je, wajua kwamba kokeini ina chungu wake maalumu? Mwaka 1889 daktari wa akili Mfaransa, Valentin Magnan, alieleza habari za wagonjwa waliotumia kokeini na wakawa wanajichimba ngozi wakitafuta vidudu. Dalili hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Mlevi wa muda mrefu anayekatishwa pombe ghafla naye huweza kuwaona na kuwahisi, akawa anawapangusa shukani usiku kucha.

Wengine hawatumii chochote, lakini wanaamini kwa dhati kwamba wana wadudu mwilini. Karl-Axel Ekbom, daktari wa Sweden, aliandika habari zao mwaka 1938, na madaktari wa ngozi wana alama yao ya kuwatambua: mgonjwa huja na ushahidi kwenye kiberiti. Anakisukuma, anakifungua mbele ya daktari kwa uangalifu, na ndani kuna uzi wa nguo, kipande cha gaga na chembe ya vumbi. Siku hizi huleta picha za simu, lakini jina la alama limebaki kiberiti. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtu huyo hadanganyi. Anachohisi anakihisi kweli.

Tuwaache wasiokuwepo, tuje kwa waliopo. Je, wajua kwamba asidi ya kwanza ya familia yake ilitolewa kwenye chungu wa kweli? Mwaka 1671 mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, John Ray, aliwaandikia wenzake wa Royal Society habari za maji makali yanayopatikana kwa kukeneka chungu wengi kwenye chombo cha moto. Ilikuwa imeshaonekana kwamba ua la buluu likitupwa kwenye kichuguu chenye ghasia hugeuka jekundu, yaani kipimo cha asidi kabla ya karatasi za maabara. Mwaka 1749 Andreas Marggraf wa Berlin aliipata ikiwa safi zaidi. Ikaitwa asidi fomiki, asidi ya chungu. Mwaka 1855 Marcellin Berthelot akaonyesha jinsi ya kuitengeneza kutokana na gesi ya kaboni monoksaidi, na chungu wakaachwa wapumue. Leo viwanda huitumia kutengeneza ngozi na kuhifadhi majani ya mifugo, na wakulima wa mpira huigandishia utomvu.

Wajua kwamba si kila chungu anayo? Ni ya ukoo mmoja tu wa chungu. Siafu, pamoja na sifa zake zote, hana hata tone. Yeye ni taya. Nyuki naye hana cha kumshtaki: kinachouma zaidi ni melitini, protini ndogo inayofikia karibu nusu ya sumu yake iliyokaushwa, kwa hiyo kupaka magadi ili "kuua asidi" ni faraja ya moyo tu. Na upupu, ule ambao watoto watukutu humwaga kwenye madawati, hutumia kimeng'enya kinachokata protini. Upupu huo huo ndio uliowasaidia wanasayansi kujua kwamba mwasho una njia zaidi ya moja mwilini, ndiyo maana dawa ya kawaida ya mzio wakati mwingine haisaidii kitu.

Mwenye asidi ya kweli huku kwetu yuko juu ya mwembe. Je, wajua kwamba jina maji moto, tulilompa yule chungu mwekundu wa miembe na minazi, ni maelezo sahihi ya kemia? Hana mwiba. Anakung'ata kwanza, kisha anakunja kiuno na kurashia asidi fomiki penye jeraha. Aliyewahi kupanda mwembe bila kutazama juu anaujua mpangilio huo vizuri.

Nyumba yake itazame siku moja, ukiwa chini. Ni majani mabichi yaliyounganishwa kwa hariri nyeupe. Wafanyakazi hushikana viuno mnyororo kwa mnyororo na kuyavuta majani mawili yakaribiane. Kisha wengine huja na buu mdomoni, wanamgusisha ukingo wa jani hili, wanampeleka ukingo wa lile, naye anatoa uzi. Chungu mkubwa hana hariri. Kitoto ndicho mashine ya kushonea.

Na je, wajua kwamba maji moto ni mlinzi wa minazi? Miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alimchunguza Zanzibar, kwenye mikarafuu na minazi. Huko kuna mdudu anayefyonza vidaka hadi vinapukutika kabla ya kufika popote, na mdudu huyo leo anabeba jina la Way katika orodha ya kisayansi, Pseudotheraptus wayi. Heshima yenye mashaka kidogo, ukiniuliza. Mnazi wenye maji moto wa kutosha mdudu huyo haukai. Tabu ni kwamba chungu mwingine wa ardhini, mwenye askari wa vichwa vikubwa, humfukuza maji moto mtini, na vidaka vinaanza tena kuanguka. Wachina walielewa hesabu hii mapema: maandishi ya mwaka 304 yanaeleza viota vya ndugu yake maji moto vikiuzwa sokoni ili vikalinde michungwa.

Tukitoka shambani, asidi hiyo hiyo ina sura nyingine, na hii haichekeshi. Je, wajua kwamba pombe ya sumu hupofusha kwa asidi ya chungu? Methanoli yenyewe, mtu akiinywa, saa za mwanzo humlevya tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, na asidi hiyo huzima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Mshipa wa jicho, wenye njaa kubwa ya nguvu, unazimika mapema. Ndiyo maana mnywaji hulala akiona na kuamka gizani. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine vipofu. Hospitalini dawa mojawapo ni pombe safi ya kawaida, kwa kipimo cha daktari: ini hushughulika nayo kwanza, na methanoli inapata muda wa kutoka bila kugeuzwa.

Wajua kwamba nusukaputi ya zamani nayo ina jina la chungu? Klorofomu ilipewa jina hilo na Mfaransa Jean-Baptiste Dumas mwaka 1834, kwa udugu wake na asidi fomiki. Mwaka 1853 Malkia Victoria aliinusa akijifungua mwanawe Leopold, na baada ya hapo wakuu wa dini waliokuwa wakihubiri kwamba uchungu wa uzazi lazima usikiwe walipata shida ya kuendelea na hotuba.

Fomalini ya mochari, ile inayowezesha marehemu kusafirishwa kutoka mjini hadi kijijini kwao, ni fomaldehaidi ndani ya maji, na jina ni la ukoo huo huo. Je, wajua aliyegundua kwamba inahifadhi mwili aligundua kwa vidole vyake? Ferdinand Blum wa Frankfurt alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake inakauka na kuwa ngumu. Badala ya kunawa na kusahau, mwaka 1893 aliipendekeza kwa kuhifadhi vielelezo vya maabara. Yule chura wa shule ya sekondari, kwenye chupa, macho yamemtoka, deni lake liko kwa vidole vya Blum.

Mwisho, mtego. Zile meza za mikahawa zenye uso mgumu unaong'aa, za Formica: je, wajua kwamba jina hilo halihusiani na chungu? Wavumbuzi wake wa Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walitafuta mwaka 1912 kitu cha kuzuia umeme mahali pa madini ya mika, na jina likawa tu maneno ya Kiingereza ya "badala ya mika". Chungu ametolewa mlangoni. Ila gundi inayoshikanisha karatasi za Formica imetengenezwa kwa fomaldehaidi, kwa hiyo ameingia tena kwa dirishani. Yumo pia kwenye sahani za melamini, zile za maua zisizovunjika zinazotolewa harusini, kwani plastiki yake ni melamini iliyounganishwa na fomaldehaidi. Zinavumilia pilau ya moto bila shida. Kwenye maikrowevu usizitie: zikipata joto kali huanza kuachia vyote viwili ndani ya chakula.